Mama Mkwe Hakuleta Nguo za Kufua

Naona ile sauti aliyorekodi mshenga wangu, eti siku ya kujitambulisha ukweni mama mkwe aliniletea nguo za kufua, imeshafika hadi grupu la ukoo. Wacha niweke yangu hapa kabla haijafika kazini. Mkitaka kusema natoa povu, semeni. Povu nilishalitoa Jumamosi, mbele ya wakwe.

Kwanza tusahihishane. Mama mkwe hakuleta nguo za kufua. Alileta ndoo ya maji. Hizo nguo ni chumvi ya mshenga, na mshenga mwenye mkono mzito wa chumvi namna hii sijui nilimwokota wapi.

Gari langu mnalijua. Carina Ti ya 1998, injini 5A, nusu yenu mmeshalisukuma. Tangu Februari nikiliwasha asubuhi linapiga yowe: kwiiiiii! Tabata nzima inajua naenda kazini. Likipata moto linanyamaza, ila nikiwasha taa na AC kwa pamoja linaanza upya. Fundi wa pale chini ya mwarobaini akasema, "Kaka, niachie elfu 20 nilisikilize." Elfu 20 ya kusikiliza! Mimi masikio ninayo mawili, ya bure, na nilishaangalia video sita.

Video zilisema hivi: injini ikiwa inaunguruma, nyunyiza maji kidogo kwenye fenibelti, ule mkanda wa mpira unaozungushwa na injini. Kelele ikikata, shida iko kwenye belti. Nikanyunyiza, ikakata. Baada ya sekunde tano ikarudi, lakini daktari nilishaandika cheti.

Dawa nayo nilikuwa naijua. Dereva mmoja wa daladala aliwahi kuniambia belti ikilia unaipaka sabuni ya mche, ikiwa kavu. Alisema unaipaka. Mimi Ijumaa usiku niliisugua kama sufuria la ubwabwa ulioungua, mfereji kwa mfereji, robo ya mche ikaishia humo. Asubuhi nikawasha. Kimya! Nikaubusu usukani. (Hilo mshenga halijui, nimejichoma mwenyewe.)

Basi safari ya Kibaha, siku ya kujitambulisha. Baba mdogo mbele na koti lake la harusi zote, shangazi na mshenga nyuma, kreti za soda kwenye buti. Kuanzia Kimara mvua ya masika ikatushukia, na kila lori lililotupita lilituachia dimbwi zima. Tulipofika Kiluvya taa ya betri ikawaka, nyekundu. Nikaifunika kwa kidole gumba huku nimeshika usukani, baba mdogo asiione. Nimeendesha hivyo mpaka Maili Moja, kidole kimekufa ganzi.

Nisichokijua wakati ule ni kwamba belti ileile inayozungusha alteneta, ile inayochaji betri, ndiyo inayozungusha na pampu ya maji ya kupoza injini. Ikiteleza kwa sabuni, betri haichajiwi na maji hayazunguki. Kwa hiyo ule ukimya niliokuwa nauringia ulikuwa ni ukimya wa belti isiyofanya kazi.

Sasa tufike getini, maana najua ndicho mlichokifuata.

Mvua imekatika. Wazee wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya mwembe, kama kumi hivi. Wanawake wako barazani. Kimya cha heshima. Naingia polepole, kioo nimeshusha, uso nimeuweka ule wa kijana mwenye mipango. Nakata kona nipaki vizuri. Mshale wa joto umelala kwenye H kama mtu aliyezirai.

Kitu cheupe kinachungulia kwenye upenyo wa boneti.

Nikadhani ni moshi, lakini moshi hautambai. Hiki kilitoka taratibu, kinene, kikashuka juu ya taa ya kushoto, kikafunika jicho zima, kikaanza kudondoka chini kwa mafungu. Upande wa kulia nao ukajibu. Kisha povu moja, duara, lina upinde wa mvua ndani yake, likajitenga na wenzake. Likapaa. Macho ya ukweni yote yakalisindikiza. Likapita juu ya kreti, hapana, kreti zilikuwa bado kwenye buti, naona hata kumbukumbu imechanganyikiwa. Likapita juu ya meza ya maandazi, likayumba, likamfuata baba mkwe pale alipoketi, likatua kwenye kofia yake ya kiua. Pu.

Ndipo mtoto mmoja akapiga kelele: "Gari linaogaaa!"

Na gari, kana kwamba limeitwa jina, sabuni ikaliishia: KWIIIIIII! Majirani wakatoka wakidhani nimekanyaga mbuzi. Nyuma shangazi anasema, "Yarabi stara." Mshenga ameinama, mabega yanamtetemeka. Nilidhani analia.

Nikazima, nikaruka nje, nikafungua boneti, mvuke wenye harufu ya dobi ukanipiga usoni. Mkono ukaenda wenyewe kwenye mfuniko wa rejeta.

"Acha!" Baba mkwe huyo, kanzu ameikunja hadi magotini. Kumbe mzee ameendesha malori miaka 30, na binti yake hakuwahi kuniambia. Hata "Shikamoo, baba" yangu hakuijibu. Akasubiri injini ipoe, akaomba spana, akalegeza alteneta, akaitoa belti. Akashika puli ya alteneta kwa vidole viwili, akaizungusha. Kkrrr, kkrrr, kama mchanga kwenye kinu.

"Shika." Nikashika. Mchanga ule nikausikia hadi kwenye kiwiko.

"Beringi imekufa. Alteneta nzito, belti inateleza, inalia. Wewe mtoto akilia, badala ya kuuliza nani kampiga, unamziba mdomo kwa sabuni?"

Wazee wote kumi: "Mmh."

Yaliyobaki ni mafupi. Mama mkwe akaleta ndoo ya maji, ya maji tu nasisitiza, tukasuuza. Fundi wa jirani akaja, beringi mbili na belti mpya, na ufundi wake, elfu 65, akalipa baba mdogo kwa sababu simu yangu ilizima palepale, na hilo ni kweli kabisa. Barua ikapokelewa. Pilau ilikuwa nzuri, sikuila.

Jana orodha ya mahari imefika. Blanketi la babu lipo, mkaja wa mama upo. Mwisho kabisa, kwa mwandiko wa kalamu nyingine, wameongeza: "Sabuni ya mche, katoni moja. Asije nayo kwenye gari lake."

Mshenga anaapa si yeye.