Kifundo Kilichohamia Kushoto

Wapo wanaonunua kronografu za zamani, yaani saa za mkononi zenye vitufe vya kuanza na kusimamisha kupima muda, kwa kufuata jina lililoandikwa usoni. Mimi hutafuta kwanza kitu kilichokaa mahali pasipo pake, kisha najiuliza kimefikaje hapo.

Heuer Monaco ya 1969 husifiwa kwa umbo lake la mraba. Sawa, lakini ajabu yake hasa ni kifundo cha kutilia ufunguo: kiko ubavu wa kushoto, ilhali vitufe vya kupimia muda vimebaki kulia. Hilo halikutokana na ubunifu wa msanii. Mtambo wake, Calibre 11, ulikuwa kazi ya pamoja ya kampuni za Heuer, Breitling, Hamilton-Büren na Dubois-Dépraz. Sehemu ya kronografu ilipandishwa juu ya mtambo wa saa inayojitia ufunguo, na katika mpangilio huo kifundo kikaangukia upande wa pili. Wauzaji wakaligeuza jambo hilo kuwa sifa: kama saa hujijaza kwa mwendo wa mkono, kifundo cha nini karibu na vidole? Ujanja mtupu, lakini naupenda.

Omega Bullhead ya mwaka huohuo ina vitufe na kifundo juu, kama pembe za ng'ombe. Ukiishika kiganjani inafaa sana. Mkononi imekaa kama mgeni aliyekosa kiti.

Utamu zaidi uko kwenye vipimo vilivyochorwa ukingoni mwa uso wa saa. Kuna cha daktari: bonyeza, hesabu mapigo 30 ya moyo, simamisha, na mshale utakuonyesha mapigo kwa dakika bila hesabu yoyote. Kuna cha umbali: anza uonapo radi, simamisha usikiapo ngurumo. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, hivyo sekunde tatu ni kama kilomita moja. Wapiga mizinga walitumia kanuni hiyohiyo kwa mambo yasiyo na amani.

Kipimo cha mwendokasi ndicho kilichozagaa, na ndicho kinachonichosha. Kilomita moja kwa sekunde 30 ni 120 kwa saa, vizuri. Lakini ukipitisha dakika moja, kipimo cha kawaida kimeishia 60. Mwendesha baiskeli hana lake. Ndiyo maana naona zile saa za miaka ya 1930 na 1940, zenye kipimo kinachojizungusha kama konokono hadi katikati ya uso, zilifikiriwa vizuri zaidi, hata kama kuzisoma kunahitaji macho makali.