Simu ya Kukaa Nayo: Maoni Yangu Kuhusu Galaxy A16

Mwezi mmoja kabla sijanunua simu hii nilisimama kwenye duka la dawa pale Magomeni, cheti cha dawa za presha za mama kikiwa mkononi, na programu ya benki yangu ikakataa kufunguka. Maandishi yaliyotokea kwenye kioo yalinieleza kwamba mfumo wa simu yangu ni wa zamani na programu hiyo haiutambui tena. Simu yenyewe ilikuwa nzima. Kioo hakikuwa na ufa, betri ilikuwa inafika jioni, na ilikuwa na miaka minne tu tangu niitoe dukani. Muuza dawa, ambaye nyuma yangu alikuwa na foleni ya watu watano, alinitazama akasema, "Usijali dada, jaribu kwa menyu," nami nikalipa kwa kubonyeza nyota na tarakimu, njia ile ambayo haihitaji intaneti wala programu yoyote. Nilipotoka pale nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba simu nitakayonunua nitaiuliza kwanza swali moja, kabla ya kamera na kabla ya rangi: aliyeitengeneza ameahidi kuihudumia kwa miaka mingapi?

Swali hilo ndilo lililonifikisha kwenye Samsung Galaxy A16, iliyoingia sokoni mwishoni mwa mwaka 2024, na ambayo nimeitumia kwa miezi mitano sasa katika mizunguko ya kawaida ya mkazi wa Dar es Salaam anayefanya kazi Posta na kulala Kimara. Nazungumzia toleo la 4G. Kampuni imeahidi kuipa matoleo mapya ya mfumo mara sita na masasisho ya usalama kwa miaka sita. Kwa kuwa ilizaliwa na Android 14, hesabu hiyo inaifikisha Android 20. Ndugu yake aliyeitangulia, Galaxy A15, aliahidiwa matoleo manne na miaka mitano ya usalama, na miaka michache tu iliyopita ahadi za namna hii zilikuwa za simu za bei kubwa peke yake.

Naliweka jambo hili mbele kwa sababu naona hatulizungumzii inavyostahili. Tunapokwenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, tunauliza megapikseli na ukubwa wa memori, na muuzaji anatujibu hayo hayo tuliyouliza. Wakati huo huo, simu imekuwa pochi. Ndani yake mna pesa, mna tokeni za LUKU, mna ujumbe wa benki wenye namba za siri za muda, na laini yenyewe imefungamanishwa na alama za vidole na namba ya NIDA tangu usajili ule ambao laini zisizosajiliwa zilianza kuzimwa Januari 2020. Mianya katika mifumo ya simu hugunduliwa kila mwezi, na masasisho ya usalama ndiyo yanayoiziba. Simu iliyoachwa bila masasisho inaendelea kupiga na kupokea kama kawaida, kwa hiyo mwenyewe haoni kilichopungua mpaka siku programu ya benki itakapomkataa, au siku mtu mwingine atakapouona ule mwanya kabla yake.

Hata hivyo ahadi ni jambo moja na uwezo wa kuibeba ni jambo jingine, na hapa ndipo ninapotaka msomaji anayefikiria kununua asimame kidogo. Prosesa ya simu hii, yaani ubongo wake, ni Helio G99 ya MediaTek, ambayo ilitangazwa mwaka 2022. Kwa kazi za leo inatosha: WhatsApp, barua pepe, ramani, mikutano ya video, na kuruka kutoka programu moja kwenda nyingine bila simu kuganda. Lakini kila toleo la mfumo huja na uzito wake, na sioni namna ambavyo A16 yenye RAM (memori ya kuendeshea programu) ya GB 4 itabeba mfumo wa mwaka wa tano au wa sita bila kuchechemea. Simu hii inauzwa kwa RAM ya GB 4, 6 au 8, na kwa maoni yangu anayenunua ile ya GB 4 ili kuokoa fedha kidogo anajinyima kile kile kinachoifanya simu hii iwe na thamani. Akiwa hawezi kufika GB 8, avumilie mwezi mmoja aongeze fedha afike GB 6.

Kuhusu umbo, ni simu kubwa na nyembamba: kioo cha inchi 6.7, unene wa milimita 7.9 na uzito wa gramu 200 hivi. Mgongo wake ni wa plastiki. Wapo wanaoidharau plastiki, mimi siidharau, kwa kuwa simu ya mgongo wa kioo ikianguka kwenye ngazi za kituo cha mwendokasi ina pande mbili za kupasuka, na hii ina upande mmoja. Kingo zimenyooka badala ya kuviringika, na nimegundua kwamba kwa mkono wenye jasho, saa saba mchana ndani ya daladala, kingo za namna hiyo zinashikika vizuri. Kitufe cha kuwashia, ambacho pia husoma alama ya kidole, kimewekwa pale kidole gumba kinapokaa chenyewe. Kwa mtu mwenye kiganja kidogo kama changu, kufika juu ya kioo kwa mkono mmoja haiwezekani, na kwenye daladala mkono wa pili unakuwa umeshika bomba.

Kioo chenyewe ndicho kilichonifurahisha kuliko nilivyotarajia. Ni cha aina ya Super AMOLED, ambacho kila nukta hutoa mwanga wake, kwa hiyo mahali peusi huwa peusi kweli, na picha hubadilika mara 90 kwa sekunde badala ya 60 tulizozizoea, ndiyo maana maandishi hayatetemeki unapoyapandisha kwa kidole. Kipimo changu kilikuwa Kivukoni, kwenye foleni ya pantoni ya Kigamboni, jua likiwa utosini. Niliweza kusoma ujumbe wa muamala mpaka tarakimu ya mwisho bila kuikinga simu kwa kiganja, jambo ambalo simu yangu ya zamani haikuliweza hata chini ya mwavuli.

Simu hii pia ina kiwango cha IP54, yaani imekingwa dhidi ya vumbi kwa kiasi na dhidi ya maji yanayorushwa kutoka upande wowote. Huo ni ulinzi wa manyunyu ya masika unapokimbia kutoka kituoni hadi barazani. Ndoo ya maji, au dimbwi la Jangwani, ni habari nyingine kabisa, na mtu asidanganywe na muuzaji anayesema simu "haiingii maji".

Sasa nije kwenye yale yasiyonipendeza, na la kwanza ni kijisahani cha laini. Kina nafasi mbili tu, na nafasi ya pili inagombewa na laini ya pili na memori kadi. Katika jiji hili, ambapo karibu kila ninayemfahamu ana laini moja kwa ajili ya pesa na nyingine kwa ajili ya bando la bei nafuu, chaguo hilo si dogo. Anayenunua simu yenye nafasi ya GB 128 ya kuhifadhi vitu akitegemea kuongeza kadi atalazimika kuiacha laini moja nyumbani. Mimi nilichukua ya GB 256 kwa sababu hiyo peke yake, na picha za zamani nimezihamishia kwenye kompyuta.

La pili linaniuma zaidi: tundu la spika za masikioni halipo tena. A15 ilikuwa nalo. Spika zisizo na waya ni nzuri, lakini nazo zinahitaji kuchajiwa, na nimeshashuhudia abiria akipiga magoti kwenye sakafu ya mwendokasi akitafuta moja iliyodondoka kati ya miguu ya watu. Spika za waya zinaweza kuchomekwa kwenye tundu la chaji, ila hapo unachagua kati ya kusikiliza na kuchaji. Kwa simu ya watu wa kipato cha kati, kuondoa tundu hilo naona ni kuwaongezea gharama watu ambao hawakuiomba.

Kamera nitazipitia haraka. Ile kubwa ya megapikseli 50 inapiga picha safi mchana, na usiku inahitaji mkono uliotulia. Ya megapikseli 5 inayochukua eneo pana inafaa pale watu wanapokuwa wengi kwenye kitchen party na ukumbi ni mdogo. Ya tatu, ya megapikseli 2 kwa vitu vya karibu, ingeondolewa nisingejua.

Betri ni ya 5,000 mAh. Natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi ikiwa imejaa, na saa tatu usiku bado ina chaji ya kuombea msaada umeme ukikatika. Inapokea chaji ya wati 25, ilimradi kichwa cha chaja kiwe cha kweli, kwa sababu vile vinavyotembezwa kwenye taa za barabarani huandikwa namba yoyote.

Anayekwenda kuinunua abonyeze *#06# akiwa bado dukani, alinganishe namba itakayotokea na iliyo kwenye kisanduku, kisha aitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ili ajue kama ni simu halali. Tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia Juni 2016, hatua hiyo ya dakika moja haina sababu ya kurukwa. Na asiondoke bila risiti ya EFD.

Simu yangu ya zamani sikuiuza. Ipo kwa mama, nimeondoa kila kinachohusu benki, na waya wa spika uliochomekwa kwenye tundu lake ndio antena ya redio anayosikilizia taarifa ya habari ya saa mbili usiku.