Kiyoyozi na Fukuto la Dar es Salaam: Nani Hasa Anakihitaji?

Kila mwaka, tangu kaskazi inapoanza kuvuma mwezi Desemba hadi masika yanapokaribia, mjadala uleule hurudi Dar es Salaam. Wapo wanaoona kuwa kiyoyozi ni kifaa cha kawaida cha nyumba ya mjini, kama friji au pampu ya maji, na wapo wanaokiona kuwa anasa ya watu waliosahau kwamba wazee wao waliishi pwani hiihii karne nyingi bila mashine. Kila upande una hoja nzito, lakini zote mbili hulizungumzia joto kana kwamba linampata kila mtu kwa namna moja na kwa saa zote, na hapo ndipo ninapoachana nazo. Naona kwamba viyoyozi tulivyo navyo vimejaa mahali ambapo haja yake ni ndogo, na vinakosekana pale ambapo haja ni kubwa.

Kwa kipimajoto peke yake, Dar es Salaam si mji wa kutisha. Mchana wa Februari joto huwa nyuzi 32 au 33, kiasi ambacho mkazi wa Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, angekiona kuwa nafuu. Huko shule zilifungwa Februari 2025 baada ya wanafunzi kuzirai kwa joto. Taabu ya pwani ni fukuto. Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka juu ya ngozi, na hewa inapokuwa tayari imejaa mvuke, jasho hutiririka tu bila kukauka, hivyo mtu hulowa na asipoe. Jambo la pili, ambalo husahaulika zaidi, ni kwamba usiku haulipi deni la mchana. Katika miezi hiyo joto la usiku hushuka hadi nyuzi 25 hivi na kuishia hapo, ilhali ni vigumu mwili kuingia katika usingizi mzito mpaka joto lake la ndani lishuke kidogo. Mfanyakazi anaweza kuuvumilia mchana akiwa kivulini na maji kando yake, lakini usiku kumi mfululizo bila usingizi wa kutosha humdhoofisha hata kijana mwenye afya.

Wanaokipinga kiyoyozi huanza na majengo ya zamani, na hawajakosea. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zikiwa nene kiasi cha kuchelewesha joto la mchana lisifike ndani, dari zake zikiwa juu na nyingi zikiwa na ua wa katikati unaovuta hewa. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Magomeni ilikuwa duni zaidi kwa vifaa lakini ilitumia akili ileile: ukumbi mrefu ulikata nyumba kutoka barazani hadi uani, upepo ukapita kati ya vyumba, na kati ya ukuta na paa paliachwa nafasi ya hewa moto kutokea. Hata saa za kazi zilifuata jua, na baadhi ya maduka ya Zanzibar bado hufungwa adhuhuri na kufunguliwa tena alasiri. Kwa hao, anayelalamikia joto leo anahitaji pangaboi na dirisha lililo wazi tu. Sayansi inawaunga mkono kwa sehemu kubwa, kwa kuwa upepo wa feni huondoa tabaka la hewa yenye mvuke lililoganda juu ya ngozi na kulipa jasho nafasi ya kukauka, na Shirika la Afya Duniani linashauri feni isitegemewe pale tu joto linapozidi nyuzi 40, kiwango ambacho Dar es Salaam haikikaribii.

Kasoro ya hoja hii ni kwamba nyumba inayoizungumzia haipo tena, au ipo kwa wachache. Chumba cha kupanga cha Mbagala, Manzese au Gongo la Mboto kina kuta nyembamba za tofali za saruji na bati lisilo na dari chini yake. Bati hilo hupokea jua mchana kutwa na kulimwaga moja kwa moja juu ya kitanda. Dirisha, likiwa la kisasa, ni la aluminiamu la kusukuma, ambalo kwa umbo lake haliwezi kufunguka zaidi ya nusu. Nje yake kuna nondo, na mita moja mbele kuna ukuta wa jirani. (Sijui ni nani aliyetushawishi kwamba dirisha lisilofunguka lote ni maendeleo.) Anayelala na dirisha wazi huhofia wezi, na hata asipowahofia wapo mbu, hivyo hulazimika kuingia ndani ya chandarua ambacho hupunguza hata ule upepo mdogo wa feni. Joto ni miongoni mwa sababu ambazo watu hutaja wanapoulizwa kwa nini hawakulalia chandarua, jambo linalomaanisha kwamba fukuto la chumbani limekuwa suala la malaria pia. Kumwambia mpangaji huyo aishi kama babu yake ni kumpa wosia wa nyumba ambayo hakurithi.

Wakati huohuo, kiyoyozi kimetamalaki ofisini. Historia yake ina kejeli yake: mwaka 1902 mhandisi Willis Carrier aliunda mtambo wake kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York, kwa sababu unyevu ulifanya karatasi zitanuke na wino usikae mahali pake. Karatasi ndiyo iliyokuwa mgonjwa wa kwanza. Leo maghorofa ya Posta na Upanga yamefunikwa vioo vinavyoelekea jua la magharibi, kisha ndani yake mashine hupangwa nyuzi 18 ili mtu aliyevaa suti na tai aweze kukaa, na karani aliye karibu na tundu la hewa huvaa sweta mwezi wa Januari. Japani ilianzisha mwaka 2005 kampeni ya kuwaruhusu wafanyakazi kuvua tai na makoti ili ofisi zibaki nyuzi 28. Sisi hatukuhitaji kuigundua: Mwalimu Nyerere na kizazi chake walihudumu serikalini kwa suti za mikono mifupi zisizo na tai, na hakuna aliyewaona kuwa hawana heshima. Sisemi ofisi zote zizime mashine. Chumba cha upasuaji, maabara, stoo ya dawa na chumba cha seva vinahitaji hewa iliyodhibitiwa, na mtu anayefanya kazi ya umakini hukosea zaidi anapotota jasho. Ninachosema ni kwamba sehemu kubwa ya ubaridi wa ofisini inapambana na vioo na makoti.

Kwa nyumbani, hesabu ya umeme ndiyo inayoamua. Feni ya wati 60 ikizunguka muda wa saa 10 kila usiku hutumia uniti 18 hivi kwa mwezi. Kiyoyozi kidogo cha BTU 9,000 (kipimo cha uwezo wa kupoza) huvuta karibu wati 800 kinapofanya kazi, na ingawa hukata na kuwaka kadiri chumba kinavyopoa, si ajabu kikala uniti nne au tano kwa usiku, yaani uniti 120 hadi 150 kwa mwezi. Katika bei za Tanesco, shirika la umeme la Tanzania, mteja mdogo anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi hutozwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, na akivuka hapo kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Kwa hiyo kiyoyozi huongeza matumizi na papo hapo huiondoa familia katika bei ya nafuu, na LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya elfu kumi iliyokuwa ikitosha mwezi haifiki hata wiki mbili. Mashine za inveta, zinazopunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka, hupunguza makali, lakini bei yake dukani ni ya juu, na aliyebanwa zaidi ndiye hununua iliyokwishatumika, inayokula umeme kuliko zote.

Umeme wa taifa wenyewe si kikwazo kama zamani, kwa kuwa bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024. Hata hivyo umeme wa bwawani hupita kwenye transfoma ya mtaa, na transfoma iliyofungwa kwa ajili ya taa na televisheni huelemewa mtaa mzima unapowasha viyoyozi saa mbili usiku. Kuna pia gesi ya kupozea iliyomo ndani ya kiyoyozi. Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, yaliyoongezwa kwenye mkataba wa Montreal wa kulinda tabaka la ozoni, yanazitaka nchi zipunguze hatua kwa hatua gesi za jamii ya HFC, ambazo hupasha dunia joto mara mamia hadi maelfu kuliko hewa ya ukaa, lakini fundi anayeiachia gesi ya zamani ipotee hewani kabla ya kujaza mpya bado ni jambo la kawaida mitaani. Aidha joto linalotolewa chumbani haliyeyuki. Hutupwa nje, na katika uchochoro mwembamba humfikia jirani asiye na mashine.

Pamoja na hayo yote, kuna watu ambao kwao kiyoyozi ni kinga. Mtoto mchanga bado hawezi kudhibiti vyema joto la mwili wake, mzee hutoa jasho kidogo na huchelewa kuhisi kiu, na kwa mgonjwa wa moyo au wa kisukari joto la usiku huongeza mzigo ambao viungo vyake haviwezi kuubeba. Agosti 2003 joto kali liliua karibu watu 15,000 nchini Ufaransa, wengi wao wazee, katika nchi tajiri ambayo iliamini haihitaji viyoyozi. Hali yetu si ile, kwa sababu fukuto letu ni la kila mwaka na miili imezoea kiasi, ila anayesema kwamba mazoea yanatosha atakuwa anamzungumzia kijana. Familia yenye mgonjwa wa namna hiyo, ikiweza kupoza chumba kimoja tu hadi nyuzi 26 huku feni ikisaidia, itakuwa imefanya jambo la busara kuliko benki inayopoza ukumbi wake hadi nyuzi 18.

Walio wengi wangepata nafuu kubwa kwa dari na rangi. Paa lililopakwa rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua, na mji wa Ahmedabad nchini India, ulioandaa mpango wake wa kukabili joto mwaka 2013, umewahi kupaka chokaa maelfu ya mapaa ya nyumba za maskini. Karibu zaidi, mkoani Mtwara, watafiti wamejenga zaidi ya nyumba mia moja za ghorofa zenye kuta za wavu, ili upepo upite na mbu wabaki nje, wakachunguza afya ya watoto wanaoishi humo. Ugumu uko kwenye umiliki. Mwenye nyumba hununua bati mara moja na joto lake halimfiki. Mpangaji ndiye anayelilalia na kulilipia LUKU. Akinunua kiyoyozi au feni, ataondoka nacho akihama, lakini akiweka dari ataiacha. Ndiyo maana mtu anayelipa kodi ya miezi sita hununua mashine ghali badala ya dari rahisi, na uamuzi wake una mantiki kamili.

Halmashauri zingeweza kudai dari na madirisha yanayofunguka yote kabla ya kutoa kibali cha ujenzi, lakini hilo litagusa nyumba mpya zilizo na vibali. Kwa vyumba vilivyokwisha kujengwa kiholela, ambavyo ndivyo vingi, njia iliyobaki ni mpangaji na mwenye nyumba kuandikishana kwamba dari itawekwa na gharama yake itakatwa kwenye kodi, kama ambavyo baadhi yao hukubaliana wakati choo kinapokarabatiwa au mita ya umeme inapofungwa.