Kola zilizokataa kukaa

Januari ile, wiki ya kufungua shule, tulikuwa na oda ya mashati 120 ya sare katika karakana yetu hapa Tabora mjini. Mkaguzi nilikuwa naye mmoja tu, nimemweka mwisho kabisa, kwenye meza ya pasi. Akaniita: "Dada, njoo uone, kola hazikai."

Nikapima. Upande mmoja ulipungua nusu sentimita. Kadibodi tunayochorea kola ilikuwa imelika ukingoni kwa kupitiwa na mkasi kila siku, na kila kola iliyotoka hapo ilirithi kasoro ile. Mashati 86 yalikuwa yameshatiwa hata vifungo.

Tulifumua kwa wembe mpaka usiku. Kitambaa kilitoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 (na huku mkoa wetu wa Tabora unalima pamba Igunga na Nzega!), na vipande vingine vilichanika mkononi. Wajapani wana neno lao, muda, maana yake upotevu. Usiku ule maana yao na yetu zilikutana.

Tangu hapo siwaelewi wenye viwanda vya nguo wanaotaka kupunguza upotevu huku ubora wameuacha kwa mkaguzi wa mlangoni. Wanapunguza watu, wanabana akiba ya kitambaa, kisha wanashangaa gharama haishuki. Ukibana akiba wakati kasoro bado zinazaliwa mezani pa kukatia, shati moja likiharibika huna cha kufidia. Ubora ndio unaotangulia.

Na wazo hili la kutanguliza ubora limetoka kwenye nguo zenyewe. Mwaka 1924 Sakichi Toyoda, mvumbuzi wa Kijapani ambaye familia yake ilikuja kuanzisha kampuni ya magari ya Toyota, alikamilisha mtambo wa kufuma uliosimama wenyewe uzi ulipokatika. Kitambaa kibovu hakikuendelea kufumwa, na mfanyakazi mmoja aliweza kuangalia mitambo mingi. Taiichi Ohno, aliyekuja kujenga mfumo wa uzalishaji wa Toyota unaopunguza upotevu, naye alianzia kwenye kiwanda cha nguo cha familia hiyo mwaka 1932, kabla ya kuhamia kwenye magari.

Cherehani zetu hazisimami zenyewe. Anayesimama ni fundi, na fundi anayelipwa kwa kipande hasimami. Anaiona kola imepinda, anaipitisha, kwa sababu kusimama ni kupoteza hela ya chakula cha watoto. Simlaumu hata kidogo. Kosa lilikuwa langu mimi niliyepanga malipo yale.

Sasa anayesimamisha kazi kwa kasoro ya kweli analipwa muda wake wote. Kadibodi inapimwa kila asubuhi kabla ya kukata, sindano inabadilishwa kabla haijaanza kuvuta nyuzi, na kila fundi anakagua kipande alichopokea kabla ya kukitia mshono wake.

Wiki iliyopita binti wa cherehani ya pili aliinua mkono: "Dada, hii mikono haifanani rangi." Majora mawili yalikuwa yamechanganywa wakati wa kukata. Tulisimama dakika 20 nzima, tukatenganisha. Mashati yaliyokuwa yameshashonwa yalikuwa manne.