Shemeji Kanunua Gesi

Jamani, shemeji kanunua gesi. Mtungi mpya, mwekundu, kauweka palepale mlangoni ili hata anayekwenda msalani saa nane za usiku aukute. Sasa kila jioni tukiwasha sigiri zetu za makaa uani, anatoka, anakohoa kikohozi cha kutengeneza, anatuuliza kama tunajua posho yetu, yaani ugali, imeua miti mingapi.

Mtu huyu namjua, nimeoa dada yake. Ndiye wa kwanza uani kuwa na sola. Ndiye wa kwanza kujiunga na ule mpango wa sungura ulioishia kwenye mchuzi. Kitu kikiwa kipya tu, pesa imeshatoka mfukoni. Leo kipya ni gesi, basi yeye ni rafiki wa misitu. Kesho wakileta jiko la kuchoma matairi atalinunua vilevile, na mlangoni ataliweka.

Halafu wataalamu wako upande wake! Wale wanaopima nafsi za watu wametugawa kwa tabia 5: kupenda mapya, kupenda utaratibu, uchangamfu, upole wa kuelewana na watu, na wasiwasi. Wakapima Ujerumani, wakapima New Zealand, wakakuta kwamba wapenda mapya na wapole ndio huelekea kujali mazingira zaidi. Haya. Uani kwetu Busia, upande wa Uganda wa mpaka na Kenya, hawajafika.

Wangefika wangemkuta Mama Zubeda wa chumba cha mwisho. Huyo ni utaratibu mtupu. Maharage yanalowekwa tangu jana, sigiri yake ni ya udongo, chai ikichemka anayazima makaa kwa majivu, kesho anayawasha tena. Gunia linalokwisha kwangu mwezi haujafika nusu, kwake linavuka mwezi na kuendelea. Nikamsifu: mama, unaipenda miti. Akaniangalia vibaya. "Miti si yangu. Makaa ndiyo yangu."

Wangemkuta na jirani yetu mwenye wasiwasi. Gesi haigusi, italipuka. Umeme haupikii, utamuua. Makaa nayo hayataki chumbani, aliwahi kusikia watu walilala nayo hawakuamka (hapo, kusema kweli, ana haki). Kwa hiyo hapiki kabisa, anakula chapati kibandani. Mama wa chapati anatumia kuni mbichi. Moshi wote wa huyu bwana uko kule barabarani, yeye amekaa mbali nao anapuliza chai.

Mwenye nyumba sijui wangemtia kwenye fungu lipi. Alikata mwembe kwa sababu majani yaliziba mfereji wa maji ya mvua. Tukabaki bila kivuli, akajenga chumba pale pale, akasema uani sasa kuna joto, atatafuta mpangaji wa Mombasa, amezoea.

Mimi ndiye mpole. Ndiyo, mimi! Siwezi kumwambia mtu hapana. Vijana wa kupanda miti wakipita na daftari lao, natoa mchango. Mei 2023 Rais Museveni alipopiga marufuku biashara ya makaa kule kaskazini, muuza makaa wangu aliniita pembeni, akaninong'oneza, "Mzee, haya ndiyo ya mwisho mwisho, nimekufichia wewe." Mtu amekufichia, utamkatalia kwa uso gani? Nikachukua magunia mawili. Ya mwisho mwisho hayo anayauza hadi leo. Basi mkono mmoja umelipia miche, mwingine umelipia shoka, na wataalamu wataniandika mtu mwema wa mazingira.

Lakini kinachonikera hasa ni mpaka. Kenya walipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, faini inafika shilingi milioni 4 za kwao, au jela miaka 4. Basi tukivuka kwenda kununua sukari, uani mzima tunakuwa watu wa tabia moja! Mpole, mwoga, mbahili, mpenda mapya, wote na vikapu kama tunakwenda harusini. Tukirudi huku, tunasimama Sofia, hapo hapo upande wetu, tunanunua nyanya, zinatiwa kwenye kaveera, ndiyo mifuko hiyohiyo ya plastiki, na kaveera inatiwa kwenye kaveera. Na zile nyembamba zilikatazwa kwenye bajeti yetu ya 2009! Hebu wanieleze hao wapimaji, nafsi ya mtu inabadilika pale kwenye geti la forodha?

Juzi nimevuka na Mama Zubeda. Kule ng'ambo kabeba mfuko wake wa kitambaa, safi, umepigwa pasi. Tulipofika upande wetu akaitoa sukari, akaukunja mfuko mara nne, akaomba kaveera mbili dukani: moja ya sukari, moja ya kuutia ule mfuko usichafuke.

Nikasema, mama, sasa?

"Kitambaa nafua kwa sabuni ya kununua," akasema. "Kaveera wananipa bure."