Kihisi cha Tokamaki: Kiwe Chepesi Kuhisi au Kigumu Kufa?

Tokamaki ni mtambo wa umbo la pete unaounganisha viini vya atomu ili kupata nishati, na hakuna chombo cha kuishika plazma yake, yaani gesi ya moto mno iliyovunjika kuwa ioni na elektroni. Kinachoishika ni uga sumaku, na mwendeshaji hujua plazma iko wapi na kama inaelekea kugusa ukuta kwa kusoma vihisi vya uga huo. Vihisi hivyo vinakaa palepale nyutroni, chembe zinazotoka kwenye muungano huo, zinapomiminika.

Kifaa kilichozoeleka ni koili ya waya. Ni imara, sina ugomvi nayo, ila haipimi uga wenyewe: hupima badiliko lake tu, kisha mabadiliko yanajumlishwa. Plazma ikiwaka sekunde chache hakuna shida. Februari 2025, tokamaki ya WEST huko Cadarache, Ufaransa, ilidumisha plazma sekunde 1,337. Kosa dogo likijumlishwa muda wote huo linakuwa kosa kubwa, na mnururisho nao huzua volti bandia ndani ya nyaya. Watetezi wa koili husema hesabu hurekebishika. Ni kweli, lakini mtambo wa umeme utatakiwa kuwaka kwa majuma.

Kihisi cha Hall, kipande chenye mkondo ambacho uga hukifanya kitoe volti ya upande, hupima uga moja kwa moja, hata usipobadilika. Hapo ndipo mvutano halisi ulipo. Nusu-kipitishi kama indiumu-antimoni kina elektroni huru chache, kwa hiyo hutoa volti kubwa. Uchache huohuo ndio udhaifu wake: indiumu ikimeza nyutroni hugeuka stani (bati), stani huongeza elektroni, na kipimo cha jana si cha leo. Metali ina elektroni nyingi mno kiasi kwamba uharibifu kidogo hauibadilishi sana, ila kwa sababu hiyohiyo volti yake ni hafifu, rahisi kuzama katika kelele za umeme.

Binafsi naegemea metali. Ishara hafifu ina dawa: unapitisha mkondo wa masafa unayoyajua, kisha unatafuta masafa hayo tu kwenye kelele. Kihisi kilichobadilika tabia kimyakimya hakina dawa ila kukipima upya, na ukutani mwa tanuri lenye mnururisho hufiki na bisibisi.

Hata hivyo metali nazo zina yao. ITER, tokamaki ya kimataifa inayojengwa hapohapo Cadarache, imechagua bismuthi kwa vihisi vya nje ya chombo chake cha ombwe. Bismuthi huyeyuka kwenye nyuzi 271 za selsiasi. Hapo inafaa, karibu na plazma ya mtambo wenye joto zaidi haifai. Dhahabu inavumilia joto (Edwin Hall mwenyewe, mwanafizikia ambaye kihisi kina jina lake, alitumia jani la dhahabu mwaka 1879), lakini nyutroni huigeuza polepole kuwa zebaki, kinyume kabisa cha ndoto ya wanaalkemia. Grafini, aina ya kaboni, inavutia kwa kuwa ni tabaka la atomu moja, nyutroni nyingi hupita bila kuigusa. Tabaka linaloibeba, hata hivyo, si la atomu moja, nalo huharibika.

Kwa hiyo ningeweka koili na metali pamoja: koili ifuate mabadiliko ya haraka, metali iisahihishe inapopotoka.