Vikao vitano vya Dagoretti

Kila kisa cha ukatili kinapotikisa Nairobi, wito huwa uleule: waathiriwa wapelekwe kwa wanasaikolojia. Sawa. Lakini mama wa Kawangware anayefua nguo za watu aache kibarua, atafute nauli na ada ya kikao, kisha wiki ijayo arudie tena? Kwa pesa zipi?

Ndiyo maana dharau tunayowaonyesha wahudumu wa afya ya jamii, eti hawana vyeti vya kutibu akili, hunikera. Utafiti uliofanywa Dagoretti, hapa Nairobi, matokeo yakachapishwa mwaka 2017, ulihusisha wanawake 421 wenye dhiki ya moyo, wengi wao wakiwa wamepitia dhuluma za kijinsia. Kundi moja lilipewa vikao 5 vya dakika 90, kwa utaratibu ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani, na waliowahudumia walikuwa wahudumu wa mtaani wenye mafunzo mafupi na usimamizi wa karibu. Kundi la pili lilielekezwa kwa wauguzi wa vituo vya afya. Miezi 3 baadaye, dhiki ilikuwa imepungua zaidi katika kundi la kwanza.

Hapo kwenye wauguzi ndipo watu hupita haraka. Mhudumu hakushindanishwa na hewa. Alishindanishwa na mwenye cheti na sare, na wagonjwa wake ndio waliopata nafuu zaidi.

Tena hakuna aliyeshurutishwa kusimulia alivyopigwa. Mama hufundishwa kupumua polepole, kuchagua tatizo moja linalotatulika, tuseme kodi ya nyumba, na kulishughulikia hatua kwa hatua. Hurudia shughuli alizoziacha, hutafuta mtu wa kumwegemea. Kwa anayelala chumba kimoja na aliyemuumiza, naona hiyo ni busara kuliko kumfumua kidonda saa nane mchana kisha kumrudisha kwake jioni.

Wanaopinga wana hoja. Kupunguza dhiki si kutibu kiwewe: anayeandamwa na jinamizi, anayeruka mlango ukibamizwa, anahitaji tiba inayolikabili tukio lenyewe. Miezi 3 nayo ni michache. Na siri? Mhudumu ni jirani, kuta ni za mabati.

Hili la siri sina jibu lake. Kwa hayo mengine, upo utafiti wa mwaka 2020 uliohusu mayatima 640 wa Kenya na Tanzania. Washauri wasio wataalamu waliwaongoza watoto kukizungumzia kifo chenyewe cha mzazi, na kwa wale wa Kenya nafuu ilikuwa bado ipo mwaka mmoja baada ya tiba.

Kwa hiyo ugomvi wa vyeti hauna maana sana kwangu. Tangu 2023 serikali ya Kenya imewatuma mitaani wahudumu wapatao 100,000, wakiwa na vipimo vya presha na sukari mikobani. Katika tafiti zote mbili kulikuwa na msimamizi wa kuwasikiliza wahudumu na kuwarekebisha mara kwa mara. Mradi wa utafiti ukiisha, mshahara wa msimamizi huyo uko kwenye bajeti ya kaunti gani?